Mtoto mwenye kromozomu 47: nani alikosa?

Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza kwanza juu ya kosa: ni lake mwenyewe ao ni la wazazi wake? Jibu la Bwana wetu, katika sura ya 9 ya Injili ya Yohane, sisi sote tunalijua. Lakini lile swali halijafa. Kule Mutarule katika uwanda wa Ruzizi, sawa vile Sange, Uvira na pengine popote katika nchi zetu, mtoto akizaliwa na uso wa namna yake na mwili mlegevu, akichelewa kukaa, kutembea na kusema, kuna watu wanaouliza lile lile: nani alikosa? Mmoja atasema ni ulozi. Mwingine atasema mama alivunja mwiko alipokuwa na mimba. Mwingine atasema damu ya ukoo wa mama ni mbaya, heri mume arudishe bibi kwao.

Padri, fratri ao katekista anayeitwa katika nyumba ya namna hii anahitaji vitu viwili: imani, na habari za kweli juu ya mwili wa binadamu. Imani tunafundishwa kila siku. Makala hii inataka kusaidia katika jambo la pili. Tutaeleza jinsi gani waganga walifika kujua sababu ya hali hiyo, kutoka mwaka wa 1866 hata mwaka wa 1959, na jinsi gani Afrika yetu iliingia katika historia hiyo. Tutaona kwamba Wazungu pia walitafuta mkosaji kwa muda mrefu, na kwamba hesabu moja ndogo iliwanyamazisha.

I. ULAYA PIA ILITAFUTA MKOSAJI

Habari inaanza Uingereza. Mwaka wa 1866 muganga John Langdon Down, mkubwa wa nyumba ya Earlswood, mahali pa kutunzia watu wenye akili pungufu, aliandika makala fupi. Alieleza vizuri alama za watoto wa namna moja: uso wa bapa, macho yaliyoinama kidogo, pua fupi, na tabia ya kuchekesha na kuiga wengine. Aliona pia kwamba watoto hao wanafanana sana kati yao, ungesema ni wa tumbo moja, na kumbe wazazi wao hawajuani.

Kufika hapo alikuwa mtazamaji mwema. Lakini alitaka kuwapanga wagonjwa wake kwa mataifa. Alisema wengine, ingawa ni Wazungu, wanafanana na Waethiopia, wengine na Wamalayi, na hawa na Wamongoli. Kwa mawazo yake, mtoto wa Kizungu aliye dhaifu alikuwa ameshuka katika taifa la chini. Ndipo likatoka lile jina la «Mongoli», jina lililotukana mtoto na taifa zima la Asia kwa mara moja. Na juu ya sababu, Down aliandika kwamba mara nyingi ni kifua kikuu cha wazazi. Wengine waliokuja nyuma yake walisema ni kaswende, wengine wakasema ni pombe. Mnaona, ndugu: muganga msomi wa London na mzee wa kijiji walifuata njia moja. Mtoto ana hali hii, basi mzazi amefanya kitu.

Tusimhukumu Down kupita kiasi. Mwaka wa 1868 alifungua nyumba yake mwenyewe, Normansfield, na humo watoto hao walifundishwa kazi na usafi, nao hawakufungwa sawa wanyama. Alikufa mwaka wa 1896. Mwaka wa 1905 mjukuu wake alizaliwa na hali ile ile babu yake aliyoieleza. Ukoo wa muganga mwenyewe haukupona.

Hatua ya kweli ilikuja nyuma. Mwaka wa 1932 Mholandi Waardenburg aliandika kwamba labda sababu iko katika kromozomu, lakini hakuwa na njia ya kuonyesha. Mwaka wa 1933 Mwingereza Lionel Penrose alichunguza jamaa nyingi akaonyesha jambo moja bila mashaka: umri wa mama una maana, lakini umri wa baba akiwa peke yake hauna. Mama wa miaka 40 anaweza kuzaa mtoto wa namna hii kuliko mama wa miaka 20. Kifua kikuu, kaswende na pombe vyote vilianguka. Lakini sababu yenyewe bado ilikuwa gizani.

II. MIAKA THELATHINI YA HESABU MBAYA

Kromozomu ni nini? Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana zinazoitwa selule. Ndani ya kila selule mna nyuzi ndogo zinazobeba urithi wetu: rangi ya ngozi, kimo, umbo la pua, na mambo mengine maelfu. Nyuzi hizo ndizo kromozomu. Zinakaa mbili mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Zinaonekana kwa mikroskopi tu, tena kwa wakati mfupi, selule inapotaka kujigawanya.

Binadamu ana kromozomu ngapi? Swali linaonekana jepesi. Mwaka wa 1923 Mmarekani Theophilus Painter alitangaza 48, na kwa miaka zaidi ya 30 vitabu vyote vilifundisha 48. Shida ilikuwa hii: kromozomu zilirundikana sawa kuni katika mzigo, na kila mtu alihesabu alivyoweza. Mwaka wa 1952 huko Texas mtaalamu wa Kichina T. C. Hsu aliona kwamba selule zikiwekwa kwanza katika maji yenye chumvi chache kuliko kawaida, zinavimba na kromozomu zinatawanyika. Jambo hilo lilionekana kwa bahati tu, sababu dawa ilichanganywa vibaya.

Ndipo usiku mmoja wa mwezi wa 12 mwaka wa 1955, katika mji wa Lund, nchi ya Sweden, Joe Hin Tjio alihesabu 46. Huyu Tjio alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Java, na wakati wa vita kubwa aliteswa katika kambi ya Wajapani. Alihesabu tena na tena: 46. Yeye na mwenzake Albert Levan walitangaza mwaka wa 1956. Na katika makala yao walitaja jambo la kufikirisha: wenzao wengine walikuwa wamekwisha kuona 46 mbele yao, lakini wakaacha kazi, sababu hawakupata zile 48 za vitabu. Macho yao yaliona sawa, lakini walisadiki kitabu kuliko macho. Mwanafunzi wa seminari anaweza kufikiri juu ya hilo kwa faida yake.

III. KAZI YA PARIS, 1956–1959

Sasa njia ilifunguka. Ikiwa mtu mzima wa afya ana 46, mtoto wa Down ana ngapi?

Katika hospitali ya Trousseau, Paris, profesa Raymond Turpin alikuwa ameshughulika na watoto hao kwa miaka mingi. Kwake alifika mama muganga mmoja, Marthe Gautier, aliyezaliwa mwaka wa 1925 katika jamaa ya wakulima. Alikuwa amekaa mwaka mmoja huko Boston, Marekani, kujifunza magonjwa ya moyo wa watoto, na huko alijifunza pia kukuza selule katika chupa. Wakati ule Paris hapakuwa na mtu mwingine katika hospitali yao aliyejua kazi hiyo. Walimpa chumba kitupu na karibu hakuna pesa. Kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, alikopa pesa kwa jina lake ili anunue vyombo vya kioo, alifuga jogoo kwa ajili ya damu yake, na palipohitajika maji ya damu ya binadamu, alijitoa damu yake mwenyewe. Kwa njia hiyo alifaulu kupata kromozomu zilizotawanyika vizuri: 46 kwa watoto wa afya. Kisha akapewa kipande kidogo cha nyama ya mtoto mwenye hali ya Down. Mwezi wa 5 mwaka wa 1958 walihesabu 47.

Mama Gautier hakuwa na mashine ya kupiga picha katika mikroskopi. Kijana Jérôme Lejeune, mwanafunzi wa Turpin, alichukua vioo ili vipigwe picha. Mwezi wa 8 mwaka ule Lejeune alisema habari hiyo huko Montreal, na tarehe 26 mwezi wa 1 mwaka wa 1959 ilitangazwa katika Akademia ya Sayansi ya Paris juu ya watoto watatu. Mwezi wa 3 walikuwa watoto tisa. Jina la Lejeune lilitangulia, la Turpin likafunga, na la Gautier liliwekwa katikati, tena likaandikwa vibaya.

Tuseme wazi, sababu haki ni fadhila. Lejeune ana sifa zake za kweli. Alitambua maana ya hesabu ile, na maisha yake yote alitunza watoto hao na jamaa zao. Alipoona kwamba watu wanataka kutumia ujuzi huo ili watoto hao wasizaliwe, alipinga hadharani, na hilo lilimletea maadui. Mwaka wa 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimweka kuwa rais wa kwanza wa Akademia ya Kipapa ya Uhai; alikufa mwaka huo huo, siku ya Pasaka. Mwaka wa 2021 Kanisa lilimtangaza kuwa Mheshimiwa. Lakini Marthe Gautier alinyamaza miaka 50, akaeleza habari yake mwaka wa 2009, na mwaka wa 2014 komisioni ya maadili ya INSERM, chama cha serikali ya Ufaransa cha uchunguzi wa afya, ilisema kwamba bila kazi yake ya kukuza selule uvumbuzi usingewezekana. Alikufa mwaka wa 2022, akiwa na miaka 96. Kumheshimu Lejeune hakudai kumsahau mama huyu. Anayefundisha habari hii ataje majina matatu.

IV. ILIYOZIDI NA ILIYOKOSA

Ile kromozomu ya 47 ilikuwa ndogo sana. Waliipa namba 21. Ndiyo maana waganga wanasema trizomi 21, maana yake namba 21 ziko tatu, kumbe zingekuwa mbili. Mwaka wa 1961 kikundi cha wataalamu waliandika katika gazeti la Lancet wakiomba lile jina la «Mongoli» liachwe, na mwaka wa 1965 nchi ya Mongolia yenyewe iliomba hivyo mbele ya Shirika la Afya la Dunia. Likaachwa.

Mwaka ule wa 1959 mengine yalifuata kama mvua. Huko Edinburgh, Patricia Jacobs na John Strong walihesabu 47 kwa mwanaume mwenye hali iliyoelezwa na Klinefelter mwaka wa 1942: ana kromozomu ya kike zaidi, anakua mrefu, na kwa kawaida hazai. Uingereza vilevile walihesabu 45 kwa msichana mwenye hali iliyoelezwa na Turner mwaka wa 1938: kromozomu moja inakosekana, naye anabaki mfupi, hapati damu ya mwezi, na kwa kawaida hazai, lakini akili yake ni nzima. Mwaka wa 1960 zilionekana trizomi 18 na trizomi 13, ambazo ni kali: watoto wengi wanakufa mbele ya kumaliza mwaka mmoja. Mwaka wa 1963 Lejeune na wenzake walieleza watoto wanaolia sawa paka mdogo: wanakosa kipande tu cha kromozomu ya 5.

Yanatokea namna gani? Yai la mama na mbegu ya baba vinapotengenezwa, kila jozi inapaswa kuachana: moja inakwenda huku, nyingine kule. Fikiri ng'ombe wawili wawili wanaofika kwenye njia panda. Katika kila jozi mmoja anapita kulia, mmoja kushoto. Pengine jozi moja haiachani, na ng'ombe wote wawili wanapita upande mmoja. Yai lile likikutana na mbegu, mtoto atakuwa na tatu. Na yai la upande mwingine litakuwa na upungufu.

Kwa trizomi 21, mara nyingi hitilafu hiyo inatokea katika yai la mama, mara chache katika mbegu ya baba. Lakini angalia: mayai ya mwanamke yanaanza kutengenezwa akiwa bado tumboni mwa mama yake mwenyewe, kisha yanangoja miaka 20, 30 ao 40. Kadiri yanavyongoja, ndivyo jozi zinavyoshindwa kuachana vizuri. Kwa mama wa miaka 20 ni karibu mtoto 1 kati ya 1.500; kwa mama wa miaka 35 ni karibu 1 kati ya 350; kwa mama wa miaka 40 ni karibu 1 kati ya 100. Hata hivyo mama kijana anaweza kumpata, na kwa sababu mama vijana ndio wanaozaa zaidi, watoto wengi wa namna hii wana mama vijana.

Je, ni urithi wa ukoo? Katika watoto 100 wenye trizomi 21, karibu 95 hawakurithi kitu: ni jambo lililotokea mara moja. Katika 3 ao 4 hivi, kromozomu 21 ya ziada imeshikamana na nyingine, na hapo pengine mzazi mmoja, awe baba ao mama, anaibeba pasipo kujua. Wachache waliobaki wana selule za namna mbili zilizochanganyika. Tena karibu nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza zina hesabu mbaya ya kromozomu. Mama wangapi wamesingiziwa kwa mimba zile!

V. AFRIKA ILIYOSAHAULIWA KATIKA HESABU

Kwa muda mrefu waganga Wazungu waliandika kwamba hali hiyo ni adimu sana kwa Waafrika. Mwaka wa 1955, kule Kampala, katika hospitali ya Mulago, muganga J. Luder na mwenzake Latimer Musoke, Mganda, walitangaza katika gazeti la waganga wa watoto habari za watoto Waafrika wenye hali hiyo. Angalia mwaka: ni miaka minne mbele ya hesabu ya Paris kutangazwa. Mwaka wa 1982 muganga Adeyokunnu alitangaza hesabu ya Ibadan, Nigeria: mtoto 1 kati ya 865 waliozaliwa, karibu sawa na Ulaya.

Basi sababu gani hawakuonekana? Sababu ya kwanza ni kifo. Karibu nusu ya watoto hao wana moyo usiokamilika, tena kifua kinawashika upesi. Mahali pasipo na muganga wa moyo, wengi wanakufa mbele ya mtu kuandika jina la hali yao. Sababu ya pili ni macho ya waganga waliojifunza alama hizo kwa sura za Kizungu tu. Jambo hilo lilihakikishwa na Wakongo wenyewe. Mwaka wa 2017 Aimé Lumaka, Prosper Lukusa na wenzao wa Kinshasa na wa Leuven, Ubelgiji, walijaribu programu ya kompyuta inayotambua hali hizo kwa picha ya uso. Kwa watoto Wabelgiji ilitambua 80 katika mia. Kwa watoto Wakongo 36,8 tu. Walipoifundisha kwa sura za watoto Wakongo, ilitambua 94,7 katika mia. Kumbe watoto walikuwa na alama zao, lakini mwenye kutazama hakufundishwa kuwaona.

Kwa mtoto wa Mutarule hesabu ya kromozomu ni kitu cha mbali. Inahitaji laboratwari ya mji mkubwa. Lakini kumtambua kwa macho, kusikiliza moyo wake, na kuwaambia wazazi ukweli, kunawezekana katika dispanseri yoyote yenye mtu aliyefundishwa.

VI. FAIDA KWA KAZI YETU

Mapadri Wasaveriani walifika Uvira mwaka wa 1958, mwaka ule ule hesabu ya 47 ilipoonekana Paris. Jimbo la Uvira liliundwa mwaka wa 1962. Habari hii ina umri sawa na jimbo letu, lakini katika nyumba nyingi bado haijafika. Basi tushike mambo manne.

Kwanza, mama hakukosa. Si kitu alichokula, si mahali alipopita, si mtu aliyemchukia, si dhambi ya ujana wake. Baba pia hakukosa. Kabila zote za dunia zinapata watoto hawa, matajiri na maskini. Katekista aseme hivyo mbele ya mume, mbele ya mama-mkwe na mbele ya wazee wa ukoo, wala si katika sikio la mama peke yake. Mwanamke anayefarijiwa kwa siri na kushitakiwa hadharani hajasaidiwa.

Pili, katika mambo ya arusi, tusikubali upesi kwamba mwanamke asiyezaa amefungwa tumbo na walozi. Pengine ni mgonjwa, pengine ni mume, pengine mmoja wao alizaliwa na kromozomu 45 ao 47. Katika wasichana 2.500 karibu mmoja ana hali ya Turner. Katika wavulana 600 hivi mmoja ana hali ya Klinefelter, na wengi hawajui kamwe. Wapelekwe kwa waganga wote wawili, si bibi tu.

Tatu, mtoto apelekwe dispanseri mapema. Moyo usikilizwe, masikio na macho yapimwe. Kunyonya kunamchosha, basi mama avumilie na kumpa ziwa mara nyingi. Asifichwe chumbani. Anaweza kujifunza kunawa, kuvaa, kuchunga mbuzi, kuimba, na wengi wanaweza kujifunza kusoma. Katika nchi zenye waganga wa kutosha, watu wa namna hii, ambao miaka ya 1980 waliishi karibu miaka 25, leo wanafika miaka 60. Damu yao haikubadilika. Matunzo ndiyo yaliyobadilika. Na katekista asiseme haraka kwamba mtoto hawezi komunyo ya kwanza. Amfundishe polepole, kwa picha na kwa nyimbo, kisha padri ndiye ataamua.

Nne, tuchunge majina tunayowaita. Mtoto ana jina lake la ubatizo na jina la ukoo wake, hayo yanatosha. Umoja wa Mataifa umeweka tarehe 21 mwezi wa 3, tangu mwaka wa 2012, kuwa siku ya watu wenye trizomi 21: namba 21, nyuzi tatu. Parokia inaweza kuchukua Dominika iliyo karibu na tarehe hiyo, kuwaalika wazazi pamoja na watoto wao, na kumwomba mfunguzi wa dispanseri aeleze habari hii kwa lugha ya watu. Asubuhi moja inatosha kwa mwanzo.